Kwa Mwendo wa Watoto

Neno la juma: Mwanzo 33:12–17



Shule zinakaribia kufungwa, na katika nyumba nyingi za waumini wetu huku Ulaya mazungumzo ya mezani ni yale yale: mwaka huu twende Disneyland. Watoto wameliona lile kasri la rangi ya waridi kwenye simu za wenzao, na hawachoki kulitaja. Akina mama wanaulizana bei baada ya ibada, akina baba wanahesabu siku za likizo walizobakiza kazini. Wengine wanamsubiri bibi au binamu kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, na wangependa safari hiyo iwe ya ukoo mzima. Baadhi yenu mmeniuliza, wengine kwa aibu kidogo, kama ni sawa mbele za Mungu kutumia fedha na siku nzima kwa ajili ya michezo. Nimeona swali hilo linastahili tafakari ya juma, kwa sababu namna familia inavyopanga siku ya furaha hufunua inavyomjali kila mmoja aliyemo.

Andiko letu linamkuta Yakobo njiani. Ametoka kwa mjomba wake Labani akiwa na wake zake, watoto kumi na mmoja wa kiume, binti yake Dina, watumishi na mifugo mingi. Usiku uliotangulia alishindana na mtu wa ajabu kwenye kivuko cha Yaboki hadi alfajiri, akatoka pale na jina jipya, huku anachechemea. Asubuhi ile akakutana na Esau, pacha wake ambaye Yakobo alimkimbia miaka ishirini nyuma, anakuja na watu mia nne. Walipokwisha kukumbatiana na kulia, Esau akapendekeza waondoke wote, yeye akiongoza msafara. Yakobo akakataa kwa upole. Akamweleza kwamba watoto wake bado ni wachanga, na ndani ya kundi wamo wanyama wanaonyonyesha. Wanyama hao wakikimbizwa hata siku moja tu, watakufa. Akamwomba ndugu yake atangulie, naye angefuata taratibu, kwa kadiri watoto watakavyoweza kutembea.

Mtu aliyesema hayo ndiye yule aliyetoka tumboni akiwa ameshika kisigino cha mwenzake. Maisha yake yote yalikuwa ya kuwahi: kuwahi haki ya mzaliwa wa kwanza, kuwahi baraka ya baba, kuwahi kutoroka kabla Labani hajajua. Asubuhi hii anakubali kubaki nyuma. Naamini ule mguu uliomuuma ulikuwa umemfundisha jambo. Anayechechemea huwa wa kwanza kuona ni nani mwingine msafarani anayepata tabu ya kutembea.

Ninachotaka kuwaambia juma hili ni hiki: pangeni siku yenu kwa mwendo wa aliye mdogo na aliye dhaifu kuliko wote. Mkifanya hivyo, safari itakuwa ibada. Mkisahau hilo, mtarudi na picha nzuri na watoto waliochoka kulia.

Benchi la baba

Inafaa tujue bustani hizi zilianzia wapi. Walt Disney, mtengenezaji filamu wa Marekani, alisimulia kwamba siku za Jumamosi alikuwa akiwapeleka binti zake wawili, Diane na Sharon, kwenye bembea ya farasi wa mbao wanaozunguka katika Griffith Park, mjini Los Angeles. Watoto walipanda farasi. Yeye aliketi kwenye benchi akila karanga na kuwatazama. Hapo ndipo alipoanza kuwaza kwamba pangepaswa kuwepo mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja. Disneyland ya kwanza ikafunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Ile ya Ufaransa, ambayo wengi wenu mnaifikiria, ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, kiasi cha kilomita 32 mashariki mwa Paris, na mwaka 2002 ikaongezewa bustani ya pili jirani yake.

Kwa hiyo chanzo cha jambo lote hili ni baba aliyehisi kwamba yuko karibu na watoto wake lakini hayuko pamoja nao. Hilo ni jeraha ambalo familia zetu zinalijua vizuri. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu. Mama anarudi kutoka kutunza wazee hospitalini wakati watoto wanaondoka kwenda shule. Baba yuko kwenye ghala la mizigo usiku kucha. Wiki nzima mnaonana mlangoni. Mtoto anayesema anataka kwenda Disneyland mara nyingi anaomba kitu cha ndani zaidi ya kasri na panya mwenye masikio makubwa. Anaomba siku moja ambayo baba na mama hawaangalii saa.

Mkilielewa ombi hilo, mtajua pia nini cha kulinda. Baba akiketi pembeni na simu tangu asubuhi, amerudi kwenye lile benchi, na amelipia tiketi ya kuketi hapo.

Kupiga hesabu kwa ukweli

Bwana wetu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Nanyi ketini. Ketini mume na mke, na watoto wakubwa waketi nanyi, mkiwa na kalamu na karatasi.

Tiketi huuzwa kwa tarehe, na bei hupanda siku za likizo na mwisho wa juma. Katikati ya juma mara nyingi ni nafuu na watu ni wachache, na Jumapili inabaki ya ibada. Mtoto wa chini ya miaka 3 huingia bure. Kuanzia miaka 3 hadi 11 hulipa bei ya mtoto. Akitimiza 12 anahesabiwa kuwa mtu mzima. Basi wazazi wawili wenye watoto wa miaka 2, 7 na 13 wananunua tiketi tatu za watu wazima na moja ya mtoto. Ongezeni nauli: aliye Paris atapanda treni ya RER A kutoka katikati ya mji hadi kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée–Chessy, kwa muda wa dakika arobaini hivi, na akishuka yuko karibu kabisa na lango. Ongezeni chakula, kwa kuwa huko ndani chakula ni ghali. Pikeni chapati na mayai ya kuchemsha, fungeni matunda, kila mtu abebe chupa yake ya maji.

Kama mnamtarajia ndugu kutoka Afrika Mashariki, anzeni mapema zaidi. Anahitaji viza ya Schengen. Ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na akinyimwa fedha hiyo hairudi. Maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Nanyi mnaoishi Uingereza kwa pasi ya Kenya au Tanzania, kumbukeni kwamba kibali cha kuishi Uingereza hakiwapi ruhusa ya kuingia Ufaransa. Mtoto akisafiri na shangazi bila wazazi, mpeni shangazi barua ya idhini, maana anaweza kuulizwa mpakani. Msimwambie mtoto tarehe ya safari kabla nyaraka hazijakamilika. Ahadi kwa mtoto ni jambo zito.

Kisha ulizeni swali gumu: fedha hii tunayo? Asiwepo anayekwenda kwa mkopo ili picha zake zionekane na watu. Deni la siku moja ya furaha linaweza kuwanyima watoto hao hao utulivu wa nyumbani kwa mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba. Akina mama wa upatu mnalijua hili kuliko mimi. Wekeni akiba kidogo kila mwezi, na watoto waone inavyokua. Kama mwaka huu haikutosha, waambieni ukweli, mwende mwakani. Bustani ya jirani yenye nyasi na bembea ya bure, pamoja na baba aliyezima simu, inatosha kabisa kwa mwaka huu.

Nina neno moja zaidi kuhusu ukweli. Kuna wazazi wanaomfundisha mtoto wa miaka minne aseme ana miwili ili apite bure. Wengine humvisha mtoto viatu vyenye soli nene ili aonekane mrefu wa kutosha kupanda mchezo wa kasi. Ndugu zangu, tiketi iliyookolewa namna hiyo ni ghali mno. Mtoto amejifunza langoni, kutoka kwa watu anaowaamini kuliko wote duniani, kwamba uongo hufungua milango. Na kipimo cha urefu kimewekwa kwa sababu vifungo vya kiti hicho havimshiki mtoto mdogo vizuri. Yakobo mwenyewe alianza maisha kwa kumdanganya baba yake ili apate baraka, akalipa uongo huo kwa miaka ishirini ya uhamisho. Tusiwarithishe watoto wetu Yakobo yule wa kwanza.

Na walio nyumbani je?

Najua swali linalowasumbua usiku, maana mmelileta kwangu. Mama yangu kule kijijini anahitaji dawa ya presha. Mdogo wangu hajamaliza ada ya chuo. Mimi niende kulipia mtoto apande farasi wa mbao?

Swali hilo ni la mtu mwenye moyo, na sitalipuuza. Neno la Mungu halimwachii mtu awasahau wazazi wake. Kama kuna dawa inayosubiri, dawa itangulie. Lakini someni pia Kumbukumbu la Torati 14:22–27. Pale Mungu anawaagiza Waisraeli watenge sehemu ya mazao yao, waende nayo mahali atakapopachagua, na kama ni mbali sana waibadilishe kuwa fedha, wasafiri, wanunue wanachotamani, wale na kufurahi mbele zake pamoja na nyumba zao. Mungu anaamuru safari ya familia, na kuigharimia kwa kilicho chake! Tena katika maneno hayo hayo anawaonya wasimsahau Mlawi aliye malangoni mwao, kwa kuwa yeye hana shamba wala urithi.

Hapo pana kipimo kinachotufaa. Furaha ya nyumba yako imo katika mapenzi ya Mungu, na mlango wa furaha hiyo uachwe wazi kwa asiye na kitu. Mnapopanga bajeti ya safari, pangeni kwenye karatasi hiyo hiyo kitu cha kupeleka nyumbani. Na tazameni ndani ya kanisa letu. Yupo mtoto ambaye mama yake anasubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi na haruhusiwi kuvuka mpaka. Yupo ambaye baba yake amefariki. Huenda hamuwezi kumbeba hadi Ufaransa, lakini mnaweza kumjumuisha katika siku nyingine ya furaha iliyo ndani ya uwezo wenu. Familia tatu zikiungana, mtoto mmoja zaidi si mzigo. Na msisimulie safari yenu mbele ya watoto hao kama watu wanaohesabu ushindi.

Kipimo cha aliye mdogo

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Katika bustani ile kuna michezo yenye masharti ya urefu: Big Thunder Mountain, treni ya mgodini, inahitaji sentimita 102; Hyperspace Mountain, inayokwenda kasi gizani, inahitaji 120; ile ya Indiana Jones inayopinduka juu chini inahitaji 140. Wapimeni watoto nyumbani, ukutani, siku nyingi kabla. Mtoto aliyeota mchezo fulani mwezi mzima akazuiwa mbele ya watu baada ya foleni ya saa nzima huumia vibaya, na maumivu hayo yangezuilika kwa penseli na futi ya fundi cherehani.

Kisha chagueni. Kosa kubwa la wazazi katika mahali kama hapa ni kutaka kufidia kila senti, wakimburuta mtoto kutoka mchezo hadi mchezo kama watu wanaokimbiza basi. Kila mmoja ataje kitu kimoja anachokitamani kuliko vyote. Kitu kimoja cha mtoto mkubwa, kimoja cha mdogo, kimoja cha bibi, kimoja cha mama, ambaye kwa kawaida haulizwi. Hivyo ndivyo vitakuwa nguzo za siku. Vingine vyote ni nyongeza ya neema. Wadogo wana mambo yao yasiyo na sharti la urefu: farasi wanaozunguka, mashua zinazopita katikati ya wanasesere wanaoimba. Hao wanasesere walianza kuonyeshwa katika maonyesho ya dunia mjini New York mwaka 1964, katika banda lililotengenezwa kwa ajili ya UNICEF, kuwakumbusha watu juu ya watoto wa mataifa yote. Chini ya kasri kuna pango lenye joka kubwa linalokoroma na kutoa moshi. Mwenye umri wa miaka kumi atacheka. Wa mitatu anaweza kulia. Msimcheke anayelia. Mbebeni, mtoke naye, hofu yake ni ya kweli kwake.

Upo utaratibu mmoja katika bustani hiyo ambao naupenda kwa sababu umefanana na ndoa njema. Wazazi wenye mtoto asiyeweza kupanda mchezo wa kasi wanaruhusiwa kupokezana: mmoja anapanda huku mwingine amebaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Ulizeni wahudumu mlangoni mwa mchezo. Nyumba nyingi zingekuwa na amani zaidi kama kupokezana huko kungeendelea hata jikoni na usiku mtoto anapolia.

Kuna wanaosafiri na udhaifu usioonekana. Mtoto mwenye selimundu hapaswi kukosa maji, kupigwa na baridi wala kuchoka kupita kiasi. Zungumzeni na daktari wake kabla, na sweta lake liwemo mkobani hata kama ni Julai. Mtoto mwenye usonji anaweza kuzidiwa na kelele na msongamano. Mama mjamzito, mzee mwenye maumivu ya magoti, mtu mwenye ulemavu: kwa wanaostahili kati yao upo utaratibu wa kuomba kadi ya kipaumbele kwa kuonyesha hati zinazotakiwa. Msione haya kuiomba. Bibi akichoka, ipo treni ya moshi inayozunguka bustani nzima ya kwanza. Aketi humo na wajukuu, awasimulie reli ya kwao. Mvua ikinyesha, kuna njia mbili zilizoezekwa kila upande wa barabara kuu. Waliojenga walijua hali ya hewa ya kaskazini mwa Ufaransa, wakawafikiria watu kabla hawajafika. Huko kuwafikiria watu mapema ndiko upendo wenyewe.

Mchana wekeni saa moja na nusu ya kupumzika, mle, mdogo alale kwenye kigari chake. Maonyesho ya mwisho huanza giza likishaingia, na Paris mwanzoni mwa Julai jua huzama karibu saa nne usiku. Mtoto wa miaka minne ambaye hakulala mchana hatayaona; atakuwa analia, au amelala begani, na wazazi wanagombana ni nani alisema wabaki. Kama hawezi, ondokeni. Yakobo hakufika Seiri kwa Esau siku ile. Alisimama Sukothi, akajenga nyumba na vibanda vya mifugo, kwa kuwa hapo ndipo msafara wake ulipoweza kufika.

Foleni na umati

Sehemu kubwa ya siku hiyo mtakuwa mmesimama kwenye foleni. Wapo watakaolipa zaidi na kupita njia ya haraka, na mtoto atauliza kwa nini wale wametutangulia. Msimjibu kwa uchungu wala kwa wivu. Mwambieni ukweli: wamelipia, sisi tumechagua fedha yetu ifanye kazi nyingine, na kusubiri tunaweza. Halafu ifanyeni foleni iwe mahali pa kukaa pamoja. Tegeaneni vitendawili. Bibi ataje majina ya mababu. Mtoto asimulie juu ya rafiki yake wa shuleni, yule ambaye hamjawahi kumsikia kwa sababu ya zamu za kazi. Huenda dakika arobaini za kusimama zikawa ndizo zilizoitimiza haja ya safari.

Na umati una hatari yake. Luka 2:41–52 inasimulia jinsi Yusufu na Mariamu walivyokuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili walianza safari ya kurudi wakidhani yumo msafarani. Wakatembea mwendo wa siku nzima kabla ya kugundua kwamba hayumo, na wakampata hekaluni baada ya siku tatu. Hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa katikati ya ndugu na jamaa, na pale kila mtu anapodhani mtoto yuko na mwingine, mtoto hana mtu. Kwa hiyo kila saa ijulikane wazi: huyu yuko mikononi mwa fulani. Mpigeni mtoto picha asubuhi ili mavazi yake yajulikane. Namba ya simu ya mzazi iwe mkononi mwake kwenye bangili. Mfundisheni kwamba akipotea asimame, amtafute mfanyakazi mwenye kitambulisho cha jina kifuani. Mahali pa kuwapokea watoto waliopotea pako mwisho wa barabara kuu, karibu na mkahawa wa Plaza Gardens. Pitieni hapo mkiingia, mwonyesheni.

Siku ikienda vibaya

Hata mkipanga vyema, kitu kitaharibika. Mvua itanyesha, mchezo utafungwa kwa matengenezo, mtoto atatapika. Mithali 16:9 inatukumbusha kwamba moyo wa mtu hupanga njia, lakini hatua zake zimo mikononi mwa Bwana. Siku ile ya kwanza kabisa Anaheim mwaka 1955 ilikuwa ya tabu: joto lilikuwa kali, watu wengi waliingia kwa tiketi za kughushi, mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakuwa yakitoa maji, na viatu vya akina mama vilizama kwenye lami ambayo haijakauka. Ikiwa mwenye bustani mwenyewe hakuweza kuitawala siku yake, sisi tutaitawalaje yetu?

Watoto hujifunza imani kutoka kwa namna tunavyopokea mambo yaliyokwenda kombo. Mtoto aliyemwona baba yake akimfokea mhudumu kwa sababu ya mvua amejifunza jambo. Na aliyemwona baba akivua koti lake, akamfunika bibi, akaanzisha wimbo, amejifunza jambo kubwa zaidi. Kumbukeni pia kuwashukuru wanaofagia, wanaosukuma vigari, wanaosafisha vyoo. Kati yao wapo wahamiaji kama sisi, na siku yenu ya furaha ni siku yao ya kazi.

Mchungaji anayekwenda polepole

Nimeongea sana juu ya safari moja, kwa sababu ndani yake mna jinsi Mungu anavyotembea na watu wake. Nabii Isaya, katika sura ya 40 mstari wa 11, anamwonyesha Bwana kama mchungaji anayekusanya wana-kondoo kwa mkono wake, anawabeba kifuani, na kuwaongoza kwa upole wale wanyonyeshao. Wanyonyeshao ni wale wale aliowahofia Yakobo! Alichofanya mzee yule anayechechemea njiani, Mungu amekuwa akikifanya tangu zamani. Yeye anayeweza kufika mbele ya wote amechagua kwenda nasi kwa kadiri ya nguvu zetu. Katika Kristo alikuja akiwa mtoto mchanga, akajifunza kutembea kwa kushikwa mkono, na baada ya kufufuka aliungana na wanafunzi wawili waliovunjika moyo, akatembea nao hadi Emau kwa hatua zao, akiwasikiliza.

Sisi sote ni wachanga msafarani mwake. Kuna miaka tuliyosimama tukilia mahali pa giza, na hakutuacha nyuma ili awahi. Ukiinama kumfunga mtoto kamba za viatu katikati ya umati unaokimbilia mchezo mwingine, unamtendea kama ulivyotendewa. Nendeni basi, mlio na uwezo, mkafurahi bila hatia. Msio na uwezo mwaka huu, itengeni siku moja hapo mlipo na muitunze vivyo hivyo. Na wote tukirudi tuuchukue mwendo huo hadi kwenye asubuhi za shule, kwenye meza ya kazi za nyumbani, na kwa wazee wetu wanaochelewa kupokea simu kwa sababu vidole vimekuwa vizito.

Ya kuzungumza nyumbani juma hili

Katika nyumba yetu, ni nani anayeachwa nyuma mara nyingi tunapokuwa na haraka? Ni siku gani katika miezi miwili ijayo ambayo baba na mama wanaweza kuwa huru pamoja na watoto, hata kama ni nusu siku? Na ni mtoto gani, au mzee gani, ambaye tunaweza kumkaribisha katika furaha yetu?

Sala

Ee Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo, asante kwa watoto uliowaweka mikononi mwetu. Utusamehe haraka yetu. Wape riziki wanaotamani kuwafurahisha watoto wao na hawajaweza, na uwape moyo wa ukarimu waliojaliwa. Walinde wasafiri barabarani, kwenye treni na angani. Wakumbuke wanaosubiri hati na maamuzi ya serikali, familia zilizotenganishwa na mipaka, na wafanyakazi watakaotumikia wengine siku za likizo. Utufundishe kutembea kwa hatua za wadogo wetu, kama Mwanao alivyotembea kwa hatua zetu, yeye aliye Bwana na Mchungaji wetu, sasa na hata milele. Amina.